Kutafuta mababu wa mume wangu katika parokia ya Norfolk: shajara ya mradi

Wanangu upande wangu, Tanga, wanajua watu wao. Ukimuuliza mkubwa atakutajia babu, baba yake babu na babu yake babu, na shamba la kila mmoja lilipokuwa. Upande wa baba yao, Mwingereza wa Norfolk, hesabu iliishia kwa babu yake aliyezaliwa 1908. Mwaka jana mtoto aliniuliza, "Mama, kwani baba hana ukoo?" Shajara hii imeanzia hapo. Naiandika kwa ajili ya Waswahili wengine walioolea au kuolewa huku, ili wasirudie makosa yangu. Jina la ukoo sitalitaja, wala kijiji, kwa sababu jamaa bado wapo. Itoshe kusema ni mashambani, katikati ya Norfolk, upande wa magharibi wa mji wa Dereham.

6 Oktoba 2024. Kopo la biskuti

Nimeanza kwa shangazi yake mume wangu, mwenye miaka 84. Anza na wazee kabla ya kugusa kompyuta. Karatasi za maktaba zitakusubiri, mzee hasubiri. Alishusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati: cheti cha kuzaliwa cha baba yake (1908), picha tatu zisizo na majina, na Biblia ya familia ambayo ukurasa wake wa kwanza unaanza na ndoa ya 1856.

Picha zile nilizigeuza palepale, nikamwomba aniambie nani ni nani, nikaandika nyuma kwa penseli. Mbili amezitambua. Akanipa na hadithi ya familia, kwamba asili yao ni wafumaji kutoka Uholanzi. Inawezekana, maana mwaka 1565 mji wa Norwich ulikaribisha kaya 30 za wafumaji wa Kiholanzi na Kiwaloni (wasemao Kifaransa, kutoka Ubelgiji ya leo). Lakini hadithi nimeiweka kwenye daftari lake peke yake. Katika mti wa ukoo inaingia karatasi tu.

20 Oktoba 2024. Vyeti na sensa

Hatua hii ni rahisi, nitaipita haraka. Serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Faharasa unaitafuta bure mtandaoni. Picha ya kizazi cha zamani ni pauni 3, cheti cha ndoa pauni 12.50. Nilinunua kizazi cha 1872 (babu yake shangazi) na ndoa ya 1856. Cheti cha ndoa hutaja baba wa kila upande na kazi yake, na hapo ndipo tulipompata William, baba wa bwana harusi, kibarua wa shamba. Mtoto wake alizaliwa 1831, kabla ya vyeti, ila ubatizo wake upo kwenye kitabu cha parokia.

Sensa za 1841, 1851 na 1861 zote zina William. Angalizo moja: mwaka 1841 waandishi waliagizwa kushusha umri wa mtu mzima hadi namba ya tano iliyo chini yake. Kwa hiyo "40" inaweza kuwa 44. Yeye 1841 ana 40, 1851 ana 53, 1861 ana 63. Basi alizaliwa 1797 au karibu yake.

17 Novemba 2024. William amepatikana (hivyo ndivyo nilivyodhani)

Kabla ya 1837 unarudi kanisani. Vitabu vya parokia vilianza mwaka 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane: kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na mazishi. Si kila parokia imehifadhi kitabu chake cha kwanza, na miaka ya vita na jamhuri, kati ya 1640 na 1660, imejaa mapengo.

Sensa ya 1851 inataja parokia aliyozaliwa mtu. Tovuti ninayolipia iliandika ya William kwa neno moja tu. Nikaenda kwenye vitabu vya kijiji hicho, nikakuta William aliyebatizwa Septemba 1797, jina la ukoo lilelile. Nilipiga kelele jikoni. Kutoka kwake nilipanda kwa baba yake, babu yake, na zaidi, wiki baada ya wiki, mpaka miaka ya 1690. Nikachora mti kwa wino, nikautia fremu (pauni 38), tukampelekea shangazi siku yake ya kuzaliwa mwezi Desemba. Aliutundika sebuleni, juu ya redio.

12 Januari 2025. Kosa

Leo nilikuwa nasoma mazishi ya kijiji kile nikimtafuta mtu mwingine kabisa. Julai 1798, mstari mmoja: William, mwana wa Thomas na Ann, mtoto mchanga. Thomas na Ann ndio wazazi niliowaandika kwenye fremu.

Mtoto niliyempa wajukuu, vitukuu na vilembwe alizikwa kabla ya kutimiza mwaka.

Nilikaa na daftari mbele yangu mpaka chai ikapoa. Vizazi vinne nilivyopanda ni vya kweli, watu wale waliishi, lakini si wetu. Miezi miwili ya kazi. Na shangazi, anayepita mbele ya fremu ile kila asubuhi, ilibidi nimpigie simu siku hiyohiyo, maana uongo ukikaa ukutani hugeuka kuwa historia. Nilimwambia, "Shangazi, nimekosea, yule si wetu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Masikini, aliishi miezi mingapi?" Nikamwambia kama kumi. Akasema fremu ataiacha mpaka nitakapomletea nyingine.

Nilipokosea ni hapa, na ndipo wengi wanapokosea: kupata jina na mwaka uliotarajia si ushahidi kwamba mtu ni wako. Sasa nina sheria. Kila ubatizo ninaoutaka, kwanza nasoma mazishi ya miaka 20 inayofuata, katika parokia hiyo na za jirani, kutafuta kama mtoto huyo alikufa. Vifo vya watoto vilikuwa vingi, na wazazi mara nyingi walimpa mtoto anayefuata jina la marehemu. Kabla ya 1813 kitabu cha mazishi hakikulazimika kutaja umri, hivyo maneno kama "mwana wa" au "mtoto mchanga" yasome kwa makini, huenda ndiyo yote utakayopata.

2 Februari 2025. Herufi mbili ndogo

Kama William yule alikufa, wetu alizaliwa wapi? Nimerudi kwenye sensa ya 1851, safari hii kwenye picha ya ukurasa wenyewe badala ya maandishi yaliyopigwa chapa na tovuti. Nimeikuza mpaka wino ukaanza kuonekana kama kamba. Mbele ya jina la kijiji kuna alama mbili, moja ndefu, ya pili imepandishwa juu ya mstari, kama mkwaruzo wa kalamu iliyokauka. L na t. Little, yaani Kidogo.

Norfolk imejaa vijiji pacha: Great Dunham na Little Dunham, Great Fransham na Little Fransham, East Lexham na West Lexham. Kijiji alikozaliwa William nacho kina pacha. Aliyenakili sensa aliruka herufi mbili, nami nikaenda kwenye kile kikubwa kwa sababu ndicho kilichokuwa na vitabu vilivyokwisha faharasishwa. Kidogo hakikuwamo kabisa katika tovuti ninayolipia. Utafutaji ukikuletea jibu moja usidhani kwamba alikuwapo mtu mmoja. Huenda kitabu kilichobeba wa pili hakijaingizwa.

Vitabu vya Kidogo nilivipata kwenye tovuti ya FamilySearch, bure, picha tupu bila faharasa. Unafungua ukurasa kwa ukurasa. Kusoma mwandiko kumenisaidia jambo moja: chukua kadi, tafuta maneno unayoyajua (January, William, baptised), kisha chora kila herufi kama mwandishi huyo alivyoichora. S ya katikati ya neno hufanana na f. Baada ya kurasa kumi unamzoea kasisi kama unavyozoea mwandiko wa shemeji.

Agosti 1797, William, mwana wa John na Susan. Mazishi yake nimeyatafuta mpaka 1817, hayapo. Lakini sikushangilia. Ilibaki kuthibitisha kwamba William wa Kidogo ndiye yule kibarua wa kijiji chetu, kile cha familia, maili tano mbali.

27 Machi 2025. Norwich: karatasi yenye alama ya msalaba

Siku hii nitaikumbuka.

Nyaraka za parokia za Norfolk zipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Norfolk, kando ya ofisi kuu za kaunti, Norwich. Mwaka 1994 maktaba kuu iliyokuwa juu ya hifadhi ya zamani iliungua, nyaraka zikalowa maji ya kuzimia moto, lakini sehemu kubwa sana iliokolewa. Unaingia kwa kadi ya msomaji, unaacha mkoba na kalamu ya wino nje, unabaki na penseli. Mabunda ya parokia kwenye katalogi yao huanza na herufi PD. Usiishie kwenye vitabu vya ubatizo. Omba "karatasi za wasimamizi wa maskini". Huko ndiko vibarua wanakozungumza.

Kwanza maelezo kidogo, kwa sababu bila hayo karatasi haina maana. Tangu sheria ya 1662, kila maskini wa Uingereza alikuwa na parokia moja iliyowajibika kumlisha akikwama. Waliita ukaazi. Ukihamia parokia nyingine ukaomba msaada, mahakimu wawili walikuhoji ukaazi wako uko wapi, kisha wakaamuru urudishwe huko, wewe, mke na watoto, kwenye mkokoteni ikibidi. Njia mojawapo ya kupata ukaazi mpya ilikuwa kijana asiye na mke wala mtoto kuajiriwa mwaka mzima, Mikaeli hadi Mikaeli (sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba), na kuumaliza. Ndiyo maana wakulima wengi waliajiri kwa wiki 51.

Bunda la kijiji chetu lilikuja limefungwa utepe mweupe. Karatasi ya kumi na kitu ilikuwa fomu iliyochapwa, nafasi zimejazwa kwa mkono, ya mwaka 1823, imekunjwa mara nne, mikunjo imegeuka rangi ya chai. William, kibarua, umri kama miaka 26. Anasema alizaliwa Kidogo, baba yake John akiwa mkaazi wa hapo. Anasema akiwa na miaka 17 aliajiriwa na mkulima wa kijiji chetu kwa pauni 4, na kwamba bwana alimruhusu kuondoka siku mbili kabla ya Mikaeli. Siku mbili! Mwaka uliofuata aliajiriwa tena na huyohuyo, safari hii kwa wiki 51. Ana mke, jina lake ni lile la kwenye ubatizo wa 1831, na watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu, mwingine wa miezi tisa. Umri wa watoto unalingana na ubatizo wao.

Chini kabisa, mahali pa sahihi, mwandishi ameandika jina lake, na katikati ya jina kuna msalaba. Mstari wa kwanza umenyooka. Wa pili umetetereka, na mwishoni wino umekusanyika tone, kama aliyeshika kalamu aliibana mno akasahau kuinyanyua. Niliweka kidole juu ya meza karibu na tone hilo, bila kuligusa.

Ushahidi ndio huo: mahali, baba, umri, mke, watoto wawili, vyote kwenye karatasi moja. Nyuma yake ilikuwa amri ya kuwahamisha hadi Kidogo. Hiyo pia ilieleza jambo lililonisumbua tangu Oktoba, kwa nini mtoto wa tatu hayumo kwenye vitabu vya kijiji chetu. Alibatizwa Kidogo, 1825. Mwaka 1829 wa nne anabatizwa tena kijiji chetu. Walirudije? Jibu lilikuwa kwenye daftari la hesabu za Kidogo, nililoliomba mchana: wasimamizi wanamlipa William shilingi 4, mara kadhaa kila baridi, "akiwa" kijiji chetu. Parokia zilifanya hivyo. Ilikuwa nafuu kumtumia mtu shilingi chache pale penye kazi kuliko kumlea bila kazi.

Tahadhari kwa atakayefuata: piga picha mbele na nyuma ya kila karatasi, pamoja na namba yake ya katalogi. Mimi nilisahau namba mbili, ikanibidi nirudi Norwich wiki mbili baadaye kwa sababu hiyo tu.

11 Mei 2025. Mtoto aliyezaliwa kabla ya harusi

Kupanda juu ya John kumekwenda vizuri, kasoro mara moja. Harusi ya babu zake John: Aprili 1738. Mtoto wao wa kwanza: Januari 1738. Nilikwisha andika "amezaliwa kabla ya ndoa" na kuanza kutafuta baba mwingine. Wiki nzima imepotea hapo.

Dawa ni kalenda. Hadi 1752 mwaka rasmi wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Januari 1738 ilikuja *baada* ya Desemba 1738, kwa hesabu yetu ni Januari 1739. Mtoto alizaliwa miezi tisa baada ya harusi. Mtu aliyekulia karibu na Zanzibar hapaswi kushangaa sana, kwani Makunduchi mwaka mpya hukogwa mwezi wa Julai. Mwaka 1752 walihamisha mwanzo wa mwaka kuwa Januari, na siku 11 zikafutwa: tarehe 2 Septemba ilifuatwa na 14. Sasa tarehe zote za Januari hadi 24 Machi kabla ya 1752 naziandika kwa miaka miwili: 1738/9.

Tumefika kwa bwana harusi yule wa 1738. Ubatizo wake sijauingiza. Nina watu wawili wanaofaa, na safari hii hakuna anayepanda ukutani kabla ya kusomwa mazishi.

29 Juni 2025. Gharama hadi leo

Vyeti na picha za vyeti: pauni 24.50, pamoja na pauni 3 za kifo cha William mwingine, si wetu wala yule mtoto wa 1798. Tovuti ya kulipia, miezi miwili: 30. Nauli na mafuta: 74. Picha na nakala: 14. Fremu ya kwanza: 38. Jumla pauni 180.50. Nikitoa fremu na safari ile ya kufuata namba mbili, kazi hii ingewezekana kwa pungufu ya 120, na aliye Dar au Mombasa angeweza kufika hadi Februari kwa simu yake, bila nauli.

13 Julai 2025. Gressenhall

William alikufa 1866. Kifo cha mkewe nilikinunua mwezi uliopita: 1869, sababu uzee, mahali *Union House, Gressenhall*.

Ni nyumba ya maskini. Ilijengwa 1777, na baada ya sheria mpya ya 1834 ikawa ya muungano wa parokia za Mitford na Launditch. Mume alitengwa na mke, mzazi na mtoto. Matofali mekundu, jengo kubwa kama kiwanda katikati ya mashamba. Leo ni makumbusho.

Nilimpelekea shangazi habari hii mwenyewe, sikutaka kumwambia kwa simu. Akasema babu yake, yule wa 1872, alikuwa akienda Dereham kwa njia ndefu. Yeye akiwa mtoto alimuuliza kwa nini hawapiti Gressenhall, babu akamjibu kwamba farasi hapapendi. "Hatukuwa na farasi," shangazi alisema. "Tulikuwa tunakwenda kwa baiskeli."

Jana usiku nilifungua tena mazishi ya kijiji chetu. Sikumtafuta huko awali, kwa kuwa nilidhani waliofia Gressenhall walizikwa hukohuko. Yumo. Siku nne baada ya kifo. Safu ya jina, safu ya makazi "Gressenhall Union", safu ya tarehe, umri 71. Mtu alikwenda akamchukua, akamrudisha nyumbani, akamlaza kwenye uwanja wa kanisa alikolazwa mumewe miaka mitatu kabla.

Shangazi ameomba nimwandikie majina yote mawili kwenye Biblia, juu ya ile ndoa ya 1856, penye nafasi ya vidole viwili. Amenikabidhi niibebe, mara ya kwanza itoke nyumbani kwake. Nitaandika Jumapili ijayo mbele yake na mbele ya wanangu. Kwanza kwa penseli.